Iskandaria na Majina ya Kuazima

Mgeni afikaye katika mji wa kale aghalabu hupewa majina kabla ya kuonyeshwa vitu. Huambiwa kuwa hii ni nguzo ya fulani, ile ilikuwa ngome ya fulani, na hapa paliteketea mali fulani kwa mkono wa fulani. Naye, kwa uchovu wa safari na uchache wa siku zake, huyapokea majina hayo kama mtu apokeavyo baki ya fedha yake dukani bila kuihesabu. Iskandaria, bandari ya Misri katika pwani ya Bahari ya Mediterania, ni mji ambao majina yake yahitaji kuhesabiwa. Baadhi ya vitu vilivyoutangaza zaidi duniani vilibeba majina yasiyo yao. Na mojawapo ya makosa hayo halikulipata jiwe, bali limemtuhumu mtu.

Jina la mji wenyewe halina shaka. Alexander wa Makedonia aliamuru ujengwe mwaka 331 K.K., karibu na kijiji cha Wamisri kilichoitwa Rhakotis, katika ukanda mwembamba wa nchi baina ya bahari na ziwa Mariut. Hakuishi hata auone umekamilika. Alikufa Babeli mwaka 323 K.K., na kazi ikatimizwa na ukoo wa jemadari wake Ptolemy, uliotawala Misri mpaka kufa kwa Cleopatra mwaka 30 K.K. Mbele ya pwani kilikuwapo kisiwa cha Pharos. Wajenzi walikiunga na bara kwa tuta la urefu upatao kilometa moja na robo, wakapata bandari mbili, moja mashariki na moja magharibi. Karne zilivyopita mchanga ulijikusanya pande zote mbili za tuta, likapanuka likawa nchi kavu. Na mtalii atembeaye leo katika mitaa iliyo baina ya ghuba mbili hizo hukanyaga tuta la kale pasipo kujua. Mengi ya Iskandaria ni hivyo. Yamo chini ya miguu au chini ya maji, na yaonekanayo juu husimulia habari nyingine.

Kusini-magharibi ya mji imesimama nguzo moja kubwa ya jiwe jekundu la Aswan. Pamoja na msingi na taji lake hufika karibu mita 27. Wazungu wa Zama za Kati waliiita Nguzo ya Pompey, wakidhani ya kuwa kichwa cha jemadari huyo wa Kirumi, aliyeuawa katika pwani ya Misri mwaka 48 K.K., kiliwekwa juu ya kilele chake. Walakini katika msingi wa nguzo yamo maandishi ya Kiyunani yamtajayo Diocletian, Kaizari aliyeuzingira mji ulipoasi na kuutwaa mwaka 298 B.K. Ilisimamishwa kwa heshima yake na liwali wa Kirumi, zaidi ya miaka mia tatu baada ya kuuawa kwa Pompey. Waarabu waliiita Amud al-Sawari, jina litajalo nguzo tu bila kumsifu mtu. Kwa sababu hiyo halikukosea.

Kosa la jina huleta hasara. Mgeni amfikiriaye Pompey mahali hapo hasahau nguzo, lakini husahau kuuliza imesimama katika uwanja gani. Nao ni uwanja wa hekalu la Serapis, mahali palipokuwa na akiba ya vitabu iliyoitwa binti wa maktaba kuu. Hekalu hilo lilibomolewa karibu na mwaka 391 B.K., katika ugomvi baina ya Wakristo na waabuduo miungu ya kale.

Ndivyo yalivyo pia mawe mawili marefu yaliyoitwa Sindano za Cleopatra. Yalichongwa kwa amri ya Farao Thutmose wa Tatu, katika karne ya 15 K.K., yakasimama Heliopolis. Warumi waliyaleta Iskandaria wakati wa Augustus, Cleopatra akiwa amekwisha kufa. Moja lilichukuliwa London likasimamishwa mwaka 1878, la pili New York mwaka 1881. Hivyo mtalii awezaye kuyaona hayaoni Misri, na huyasoma kwa jina la malkia ambaye hakuyachonga wala hakuyaleta.

Mnara wa taa wa Pharos uliepuka msiba wa jina, lakini haukuepuka msiba wa zilizala. Ulimalizika kujengwa karibu na mwaka 280 K.K., na jina la Sostratus wa Cnidus likaambatana nao. Ulipanda zaidi ya mita 100, kwa daraja tatu: ya kwanza ya pembe nne, ya pili ya pembe nane, na ya tatu ya mviringo. Habari zake nyingi zilizo bora zimetoka kwa wageni. Ibn Jubayr, Mwarabu wa Andalusia aliyekuwa njiani kwenda kuhiji, alishuka Iskandaria mwaka 1183. Kabla ya kustaajabia mnara alipatwa na yale yawapatayo wasafiri bandarini: maofisa wa forodha waliwaandika abiria mmoja mmoja, wakaipekua mizigo yao, wakatia mikono hata viunoni mwao. Aliandika udhia huo kwa uchungu, akamtetea Sultani Salahuddin kuwa bila shaka hakuwa na habari nao. Kisha alikwenda kwenye mnara, akapanda mpaka msikiti uliokuwa juu yake, akasali.

Zilizala ya mwaka 1303 iliuharibu vibaya. Ibn Battuta wa Tanja alipofika mwaka 1326 aliona upande mmoja umebomoka, lakini aliweza kuingia, akaupima kwa shibiri. Aliporudi mwaka 1349 uharibifu ulikuwa umezidi, hata hakuweza kuufikia mlango. Katikati ya ziara hizo mbili alikuwa amefika Mombasa na Kilwa, mwaka 1331; kwa hiyo macho yaliyouaga mnara huo ndiyo yaliyowaachia watu wa Pwani sifa za Kilwa katika siku za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri mwangalifu ni hazina kwa mji alioupita. Huondoka na picha yake moyoni, na mji ukianguka, picha hiyo hubaki.

Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome juu ya magofu ya mnara. Mizinga ya manowari za Kiingereza iliibomoa sehemu tarehe 11 Julai 1882, ikatengenezwa baadaye. Mawe ya mnara uliokufa yalitumika katika ngome iliyo hai. Mengine yalianguka baharini. Tangu mwaka 1994 wapiga mbizi wa Jean-Yves Empereur wamechunguza maelfu ya vipande vya mawe karibu na ngome, na vingi kati yake ni vya majengo na sanamu za zama za mafarao na wafalme wa Kiyunani. Sanamu kubwa ya mfalme mmoja wa ukoo wa Ptolemy iliyotolewa humo sasa imesimama mbele ya maktaba mpya ya mji.

Neno la maktaba hutufikisha kwenye kosa lililo zito kuliko yote. Kwa muda mrefu wageni wamesimuliwa kwamba maktaba kuu ya Iskandaria iliteketezwa na Waarabu. Husemwa kuwa Amr bin al-As alipoutwaa mji aliombwa vitabu na mwanachuoni Yahya al-Nahwi. Akamwandikia Khalifa Umar. Akajibiwa kuwa vitabu vikubalianavyo na Kurani havihitajiwi, na vipinganavyo nayo havifai. Ndipo vikagawanywa katika hamamu za mji, vikawa kuni kwa miezi sita. Ni hadithi tamu kusimuliwa, na kwa utamu wake imekaa vinywani mwa watu.

Lakini hadithi yenye kuwashtaki watu sharti iletewe mashahidi. Mji ulifanya mkataba na Amr mwaka 641, na jeshi la Warumi likaondoka mwaka uliofuata. Katika muda wa sulhu, uliozidi miezi kumi, njia ya bahari ilikuwa wazi kwa mtu kuhamisha mali yake, na vitabu ni mali. Yohana, askofu wa Kikopti wa Nikiu, aliyeandika habari za ushindi huo katika karne ile ile wala hakuwapenda washindi, hataji moto wa vitabu. Ibn Abd al-Hakam, mwanahistoria wa Misri wa karne ya 9, hautaji. Eutychius, Patriaki wa Iskandaria katika karne ya 10, hautaji. Masimulizi yenyewe yaonekana katika karne ya 13, yapata miaka 600 baada ya jambo linalosimuliwa, katika maandiko ya Ibn al-Qifti na ya Abu al-Faraj, askofu wa Kishami. Nayo yakaenea Ulaya baada ya kitabu cha Abu al-Faraj kuchapwa Oxford mwaka 1663. Zaidi ya hayo, Yahya al-Nahwi alikuwa mtu wa karne ya 6. Amr alipoingia mjini, mwanachuoni huyo alikuwa kaburini zamani. Gibbon aliyatilia shaka masimulizi haya katika karne ya 18, na Alfred Butler akayapinga kwa hoja nyingi mwaka 1902.

Basi maktaba ilikufaje? Ilikufa kidogo kidogo. Ptolemy wa Nane aliwafukuza wanazuoni karibu na mwaka 145 K.K. Moto wa vita vya Julius Caesar mwaka 48 K.K. ulifika kwenye vitabu, ijapokuwa chuo cha wanazuoni kiliendelea, na Strabo alikieleza baadaye. Vita vya wakati wa Kaizari Aurelian, karibu na mwaka 272 B.K., viliharibu mtaa wa kifalme. Kisha hekalu la Serapis likabomolewa. Tena vitabu vile vilikuwa magombo ya mafunjo, na gombo lisiponakiliwa upya huoza lenyewe, hata kama hapana adui mlangoni. Fedha za kuwalipa wanakili zikikoma, maktaba imekwisha kuhukumiwa.

Ukweli huu hautamaniki kama hadithi ya hamamu, kwa maana haumpi msikilizaji mtu mmoja wa kumlaani. Lakini ndio wenye mafunzo. Ajuaye kuwa maktaba ziliuawa na jemadari mmoja hulala usingizi madhali jemadari hayupo. Ajuaye kuwa zilikufa kwa kutotunzwa huamka akaenda kutazama rafu za kwao. Wala elimu haikukoma mjini katika karne hizo za uharibifu. Pale Kom el-Dikka, ambapo Wapolandi walianza kuchimba mwaka 1960, vimefukuliwa vyumba vya kufundishia yapata 20, vyenye viti vya mawe kuzunguka kuta, vilivyotumika katika karne ya 6 B.K.

Watu wa Afrika ya Mashariki wana haja yao wenyewe na jambo hili. Katika karne ya 2 B.K. Claudius Ptolemy, mwanachuoni wa Iskandaria, aliandika katika jiografia yake jina la Rhapta, mji wa biashara wa pwani ya Azania, kwa kufuata habari zilizoletwa na mabaharia. Kitabu chake kilinakiliwa, kikasalimika. Leo mahali pa Rhapta wataalamu hawajapatana, lakini jina lake li hai. Kama wanakili wangalichoka, lingalipotea pamoja na mengine.

Maktaba mpya ilifunguliwa tarehe 16 Oktoba 2002, katika ufuo wa bandari ya mashariki, karibu na mahali ilipodhaniwa kuwapo ile ya kale. Ukuta wake wa nje, wa jiwe la Aswan, umechorwa herufi za maandiko mengi ya dunia. Mgeni asimamaye mbele yake hana haja ya kumtafuta mtu wa kumtupia lawama ya moto. Na aulize vitabu vya ndani hutunzwa na nani, kwa fedha gani. Na akirudi kwao, aulize vivyo hivyo.