Kustaafu nchini Tanzania

Kustaafu (neno lenye asili ya Kiarabu) ni kuacha kazi ya ajira kwa sababu ya umri na kuanza kuishi kwa mafao au kipato kingine badala ya mshahara. Nchini Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60. Kwa maprofesa na madaktari bingwa umri huo ni miaka 60 na 65.

Neno *kung'atuka*, lililotoka Kizanaki, lilienea mwaka 1985 Julius Nyerere alipoacha urais akiwa na miaka 63. Alirudi kijijini kwake Butiama kulima, ingawa hakupumzika sana: aliongoza CCM hadi 1990, na kuanzia 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi.

== Kikokotoo ==
Mstaafu hulipwa sehemu ya mafao kwa mkupuo, maarufu kama kiinua mgongo, na inayobaki kama pensheni ya kila mwezi. Mkupuo ukiwa mkubwa, pensheni hupungua. Mwaka 2018, mifuko minne ilipounganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya ziliweka mkupuo wa asilimia 25, wakati baadhi ya watumishi walikuwa wakipata asilimia 50. Wafanyakazi walilalamika sana, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alisitisha kanuni hizo. Julai 2022 kiwango kikawa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikakipandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa na 50.

Ubishi huo unaeleweka ukitazama mtaani. Katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Segerea, wilayani Ilala, mapumziko ya mstaafu mara nyingi huanza na kazi: kumalizia nyumba, kupangisha vyumba, kufuga kuku au kufungua duka. Bila mkupuo, hayo ni magumu kuanza.

== Wasio na ajira rasmi ==
Mkulima, mvuvi au mama lishe hana tarehe ya kustaafu. Anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari. Asipofanya hivyo, hufanya kazi hadi nguvu zimwishie, kisha hutegemea watoto. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo.