Nani Aliyesoma? Historia Fupi ya Kutenganisha Watu na Roboti

Taasisi ya umma inapotangaza kwamba tovuti yake imetembelewa mara elfu kadhaa, msomaji makini hana budi kuuliza: imetembelewa na nani? Swali hili lina umri unaokaribia ule wa wavuti yenyewe.

Mwaka 1993, Matthew Gray, mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, aliandika programu iliyoitwa World Wide Web Wanderer, ambayo ilifuata kiungo baada ya kiungo ili kupima ukuaji wa wavuti. Chombo kilichobuniwa kuhesabu kikawa chanzo cha kuvuruga hesabu za wengine, kwani kila ukurasa kilioufungua uliacha mstari katika daftari la seva, kama afanyavyo binadamu. Mwaka 1994, Martijn Koster alipendekeza faili la robots.txt, ambamo mwenye tovuti huzieleza roboti zisipaguse wapi. Pendekezo hilo lilichapishwa kuwa waraka rasmi wa viwango vya intaneti, RFC 9309, mwaka 2022. Hata hivyo, hadi leo ni ombi, si kufuli.

Kazi ya kuchuja, basi, imebaki kwa asomaye daftari. Kwa kawaida kila mstari huonyesha anwani ya IP, wakati, ukurasa ulioombwa na jina ambalo programu imejitambulisha nalo. Roboti zenye adabu hujitaja, nazo huondolewa kwa urahisi. Zinazojivika jina la kivinjari hufichuliwa na mwenendo wao: mamia ya kurasa kwa dakika, usiku na mchana, bila kupakua picha hata moja.

Lakini mwenendo nao hudanganya. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na maabara ya chuo hufanya vivyo hivyo. Mchujaji anayehukumu kwa wingi wa maombi peke yake atawafuta wanafunzi hamsini akidhani ni mashine moja. Asiyechuja kabisa ataziwasilisha mashine kwa jina la wananchi. Wa kwanza anaupunguza umma. Wa pili anaughushi.

Takwimu za ushiriki wa wananchi huamua bajeti na sera. Kwa hiyo taasisi inayotoa idadi na itoe pia kanuni iliyotumia kuchuja, tena ihifadhi daftari ghafi ili mkaguzi aweze kurudia hesabu. Idadi isiyoweza kurudiwa ni tangazo tu, haijawa ushahidi.