Nywele za manjano kabla ya Rodman

Ukirudi nyumbani Langas na kichwa cha manjano, mathe hatauliza blichi ilikugharimu ngapi. Atauliza kama unaumwa. Tunacheka, tunasema wazazi wa Eldoret ni washamba. Lakini hilo swali lina historia yake, na haichekeshi.

Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika kuhusu watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi pekee. Miguu ilifura, ngozi ikabambuka, nywele zikapoteza weusi wake. Mwaka 1935 aliuita ugonjwa huo kwa jina alilolipata kwa Waga wa huko: kwashiorkor. Kiswahili kikasema unyafuzi. Sisi tulikutana nao kwenye sayansi ya shule ya msingi, ule mchoro wa mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyembamba za kahawia. Sasa fikiria mtu aliyelea watoto wakati wa kiangazi cha 1984. Kwake nywele kupauka si fasheni. Ni sahani tupu.

Ndiyo maana nashangaa kwamba ukivuka mpaka tu kuingia Sudan Kusini, rangi hiyohiyo inasema kinyume kabisa. Vijana wa Kidinka na Kimundari kwenye kambi za ng'ombe huosha nywele kwa mkojo wa ng'ombe, na wengine hupaka majivu, hadi ziwe za machungwa. Huwezi kufanya hivyo bila mifugo. Na hawa si watu wa mbali. Tangu miaka ya vita, familia nyingi za Sudan Kusini zimeishi na kusomesha watoto hapa Eldoret. Tumepanda nao matatu tukiamini manjano ililetwa na video za Marekani.

Wasomali nao wana yao. Richard Burton, aliyekwenda Zeila na Harar mwaka 1854 hadi 1855, alieleza vijana waliobadilisha rangi ya nywele kwa mchanganyiko wa kupaka kichwani. Dennis Rodman alitokea na kichwa chake cha manjano San Antonio mwaka 1993. Hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo nikisikia mtu anasema kijana aliyeblichi anaiga wazungu, sikubali. Hata wazungu wenyewe ilibidi wauziwe. Peroksidi ya hidrojeni ilitengenezwa na Mfaransa Thénard mwaka 1818, ikakaa miaka karibu hamsini kabla ya kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Paris ya 1867 kama dawa ya kung'arisha nywele. Kichupa cha develapa unachonunua mjini leo ni peroksidi ileile. Na ile harufu inayokutoa machozi ni amonia, ambayo mkojo wa ng'ombe ukikaa huitoa bila kiwanda. Amonia inafungua magamba ya unywele, peroksidi inaingia kuvunja melanini. Kambini, jua linasaidia kazi hiyo.

Nywele nyeusi haziruki moja kwa moja hadi manjano. Zinapita nyekundu, halafu machungwa, halafu ndipo manjano. Wengi wanaoblichi kwa nyumba wanakwama kwa machungwa, ile rangi ya Fanta, wanapanik, wanakimbilia dai nyeusi. Mundari yeye machungwa ndiyo alikuwa anatafuta.

Ukitaka kusonga mbele, usiongeze nguvu ya dawa. Develapa ya 20 ina peroksidi asilimia 6, ya 40 ina asilimia 12, na hiyo ya 40 ikigusa ngozi ya kichwa utajuta. Rudia na ya 20 baada ya wiki kadhaa. Changanya kwa bakuli la plastiki, si la chuma. Kama ulitia relaxer juzi, acha kabisa, zitakatikia mkononi. Na Jik ni ya kufulia shuka, hata kama kuna jamaa kwa ploti anaapa ilimfanyia kazi. Jaribu dawa kidogo nyuma ya sikio siku mbili mapema. Ikianza kuchoma, osha na maji baridi saa hiyohiyo, usingoje rangi.