Zawadi Iliyosafiri kwa Stempu: Postikadi za Unguja kama Chanzo cha Historia, 1890–1914

Utangulizi

Msafiri akirudi mikono mitupu, watoto humwuliza alikuwa wapi. Desturi ya kurudi na kitu kutoka ugenini ni ya zamani kwetu kama ilivyo kwa wengine. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 msafiri wa Ulaya aliyeshuka Unguja alikuwa na uwezo ambao waliomtangulia hawakuwa nao: aliweza kuituma zawadi nyumbani kwa posta, nayo ikamtangulia. Zawadi iliyokuwa nyepesi na rahisi kuliko zote ilikuwa postikadi yenye picha.

Insha hii inajadili postikadi hizo kwa sababu moja. Kwa sura za watu wa kawaida wa pwani ya wakati ule, sisi wanafunzi wa historia hutegemea sana vikaratasi hivi, ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yetu. Vilitengenezwa ili mgeni amwonyeshe ndugu yake mahali alipofika. Je, tunaweza kuviamini? Na tukiviamini, kwa kiasi gani?

Njia ya barua

Kadi haisafiri bila meli na mkataba. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi 22 walikutana Bern, Uswisi, wakaunda umoja wa posta ambao leo unaitwa Umoja wa Posta Duniani. Shabaha yake ilikuwa barua ivuke mipaka kwa malipo yanayofanana, bila kila nchi njiani kudai ushuru wake.

Unguja yenyewe ilikuwa na posta za wageni kabla ya kuwa na yake. Posta ya Uhindi ya Waingereza ilikuwepo tangu 1875, ya Wafaransa ilifunguliwa 1889, na ya Wajerumani ilifanya kazi kwa muda mfupi, 1890 hadi 1891. Ilipofika Novemba 1895 ndipo Unguja ikaanza kuendesha posta yake. Kwa hiyo kadi ya mji mmoja inaweza kubeba stempu ya dola zaidi ya moja, na hilo peke yake ni somo la siasa ya wakati ule.

Tukilinganisha na kwetu Uganda, tofauti inaonekana wazi. Mwaka huohuo wa 1895, huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alipiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta yake, na thamani yake ikahesabiwa kwa simbi, 200 kwa rupia moja. Barua zilipelekwa pwani kwa miguu na matarishi. Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, zikaanza kuvuka ziwa kwa meli na kupanda treni hadi Mombasa. Ndiyo maana bandari ya Unguja, na si Mengo, ndiyo iliyokuwa soko la mapema la picha za kutuma.

Waliopiga na waliochapa

Wapigapicha wengi wenye studio Unguja walikuwa Wagoa. A. C. Gomes, mwanawe P. F. Gomes, na ndugu wa Coutinho ndio majina yanayoonekana mara kwa mara. Hawa hawakuwa wageni wa siku mbili; waliishi mjini, na wenyeji wenye uwezo nao walikwenda kwao kupigwa picha za familia.

Hata hivyo, kadi nyingi hazikuchapwa Unguja. Picha ilipelekwa Ulaya, hasa Ujerumani iliyoongoza kwa uchapaji, kisha ikarudi ikiwa kadi za kuuzwa bandarini. Mgeni alizinunua na kuzirudisha Ulaya kwa mara ya pili. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, na rangi ilitiwa huko na fundi ambaye hakuwahi kuiona pwani yetu. Mtafiti anayetaka kujua rangi za kanga za mwaka 1900 asitegemee kadi ya rangi. Mshono na namna ya kuvaa ni ushahidi, lakini wekundu wa nguo huenda ni chaguo la fundi.

Tarehe inayodanganya

Kosa tunalolifanya mara nyingi ni kuchukua tarehe ya muhuri wa posta kuwa tarehe ya picha. Muhuri hutuambia siku ambayo kadi ilitumwa. Picha inaweza kuwa imepigwa miaka mingi kabla.

Mfano mzuri ni Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Hapo zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja, na mnara ule ukaharibika. Baadaye mnara mpya ukajengwa ukiwa umeshikamana na uso wa jumba lenyewe. Basi kadi inayoonyesha mnara uliosimama peke yake ina picha ya kabla ya Agosti 1896, hata kama muhuri unasema 1905. Tangu Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka, kadi hizi zimepata kazi ambayo aliyezinunua hakuifikiria: zinaonyesha jengo lilivyokuwa.

Upande wa nyuma nao husaidia kukadiria umri. Mwanzoni upande huo ulikuwa wa anwani tu, na salamu zilibanwa pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu kuugawa mwaka 1902, nusu kwa maneno na nusu kwa anwani, na nchi nyingine zikafuata. Hapo picha ikaachiwa uso mzima.

Watu wasio na majina

Jumba lina jina kwenye kadi. Sultani Ali bin Hamoud, aliyetawala 1902 hadi 1911, ana jina. Lakini mwanamke aliyesimama amejitanda kanga, mkono kiunoni, ameandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani kuwa ni msichana wa Kiswahili, basi. Mpagazi ni mpagazi. Wakati mwingine picha moja ilitolewa na wachapaji wawili, na mtu yuleyule akabadilishwa kabila kufuatana na maelezo ya chini.

Wapo wanaosema picha hizi ni za kudhalilisha na hazifai kutumiwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi nadhani inaacha jambo muhimu. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897. Katika miaka iliyofuata, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo zilizojulisha unyonge, walianza kujinunulia kanga. Mwanamke wa kwenye kadi huenda alikuwa mmoja wao. Mgeni alinunua sura ya ugeni, lakini yeye labda alikuja studio kuonyesha kwamba sasa ni mtu huru. Kadi haituambii lipi ni lipi. Inatulazimu tuisome pamoja na kumbukumbu za mahakama, nyimbo na masimulizi ya wazee, ambako majina bado yapo.

Hitimisho

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Watu hawa walikuwepo mbele ya kamera, ila maelezo yalipoandikwa hawakuwepo, na kadi nyingi ziko leo kwenye makavazi na masanduku ya wakusanyaji Ulaya na Marekani. Postikadi ni ushahidi mzuri wa majengo, mavazi na safari za barua, lakini ni shahidi dhaifu wa rangi, tarehe na kabila. Kwa majina ya watu imenyamaza kabisa. Kazi ya kuyatafuta ni yetu tunaoijua lugha yao, nayo inafaa ianze wakati bado wapo wazee wanaoweza kuitazama sura na kusema: huyu ni wa ukoo wa fulani.