GESI ASILIA NA UMEME WA TAIFA: FUNZO LA SONGO SONGO

Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Wilaya ya Kilwa. Umeme wa gesi hiyo ulianza kuzalishwa Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa nini mali ya umma ilikaa ardhini miaka 30 bila kumwashia taa mkulima wala mfanyakazi?

Kwanza, utajiri wa ardhini si nyenzo ya uchumi mpaka kazi ya binadamu iutoe. Kampuni ya AGIP ya Italia, iliyoigundua gesi hiyo, iliona haitaleta faida ikaondoka. Kipimo cha bepari ni faida, si mahitaji ya umma. Shirika letu la TPDC, lililoundwa mwaka 1969, liliendelea na uchimbaji. Lakini kisima peke yake si umeme. Bomba na mitambo vilihitaji mtaji, na mtaji huo ulikuwa mikononi mwa wengine.

Pili, wakati huo Taifa lilitegemea maji: Kidatu tangu 1975, Mtera tangu 1988. Ukame wa miaka ya 1990 ulileta mgawo wa umeme na viwanda vikasimama. Katika dhiki hiyo ukatiwa saini mwaka 1995 mkataba wa IPTL, wa mitambo ya mafuta ya kuagizwa, ambayo TANESCO ililazimika kuilipia hata ilipokuwa imezimwa. Mwenye njaa hachagui mkataba.

Bomba la kutoka Songo Songo hadi Ubungo lilibadili hali hiyo. Mtambo wa gesi haungojei mvua, nao huwashwa kwa muda mfupi umeme unapohitajika. Baadaye lilijengwa bomba la Mtwara kwa mkopo wa China, na mitambo ya umma ya Kinyerezi, megawati 150 na 240. Ikafika miaka ambapo zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi.

Hata hivyo, mitambo ya Songas haikuwa ya umma peke yake, na mkataba wake wa miaka 20 ulikwisha mwaka 2024. Tena mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliuliza: gesi ikienda Dar es Salaam, sisi tutabaki na nini? Swali hilo halijibiwi kwa nguvu. Hujibiwa kwa umeme, ajira na shule.

Leo Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Wako watakaosema gesi sasa haihitajiki. Hao wamesahau mgawo. Mto hufuata mvua, na mvua haitii mpango wa mtu.

Basi wajibu wa kada ni huu: kuisoma mikataba kabla ya dhiki haijafika, kudai wataalamu wetu waimiliki elimu ya mitambo, na kuhakikisha nishati inafika kijijini ilikotoka. Kujitegemea hakuanzi siku gesi inapogunduliwa. Kunaanza siku umma unapoweza kuitumia kwa masharti yake wenyewe.