1973: tunakumbuka Novemba, tunasahau Julai

Tukizungumza juu ya kuharibika kwa uchumi wetu, kila mtu anataja Zairianisation. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, biashara na plantasio za wageni zipite mikononi mwa Wazairwa. Waliopewa, wale «acquéreurs», wengi walikuwa wakubwa wa MPR na watu wao. Mobutu mwenyewe akajipatia plantasio nyingi, zikaunganishwa ndani ya CELZA. Dukani mambo yalienda hivi: acquéreur anauza vitu alivyovikuta, anakula makuta, rafu zinabaki tupu. Mgreki alikuwa anapata bidhaa kwa mkopo sababu muuzaji wa Ulaya anamjua. Huyu mpya, nani anamjua? Bei ya shaba nayo ikaanguka, na 1976 wenyewe wa zamani wakaitwa warudi. Wengi hawakurudi.

Hiyo wazee wetu wanaisimulia. Lakini mimi niliyesoma agronomia naona kosa lililodumu zaidi lilifanyika miezi minne mbele ya hotuba ile, tena bila kelele. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Na udongo wa vijiji, ule mwami anaogawia watu? Article 389 ikajibu kwamba haki juu yake zitapangwa kwa ordonansi ya Rais. Miaka 40 ikapita, ordonansi haikutoka.

Mimi siamini ni kusahau. Karatasi isipokuwepo, anayejua mlango wa ofisi ndiye anashinda. Mkubwa anapata sertifika juu ya mlima mahali bamama wanalima tangu zamani; wao wana mashahidi tu. Kule Masisi plantasio za wakoloni zilipopata wenyewe wapya, mkulima wa kando alibaki achague: alipe ama ahame.

Na sisi tunatumwa vijijini kufundisha: pandeni miti, chimbeni mitaro, mmomonyoko unakula udongo. Ni kweli kabisa. Ila mtu anayelima kwa bwasa, kama kule Bushi, analipia shamba kwa muda mfupi, na hana ruhusa ya kupanda kahawa wala ndizi juu yake. Huyo ukimwambia apande grevillea anakutazama tu, halafu anaendelea kupanda maharagwe yake.