Mafia Iliyoandikwa, Mafia Inayosomeka

Kitabu ambacho kila anayeandika historia ya kisiwa cha Mafia hulazimika kukirudia kilichapwa Leipzig mwaka 1896. Mwandishi wake, Oscar Baumann, alikuwa Mwaustria aliyeandika juzuu moja baada ya nyingine juu ya visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, na kitabu kilitoka katika mfululizo wa chama cha wanajiografia cha mji huo. Wakati huo Mafia ilikuwa imekaa mikononi mwa Wajerumani kwa miaka sita tu, tangu makubaliano yao na Waingereza ya mwaka 1890, na utawala ulikaa Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na kijiji cha Utende. Kitabu kiliandikwa kwa Kijerumani, kikasomwa na Wajerumani. Kwamba mtu wa Chole angekuwa na haja nacho, hilo halikuwa swali la siku zile.

Baumann alifariki mwaka 1899 na haki zake za kisheria zimekwisha zamani, kwa hiyo leo mtu yeyote anaweza kukisoma kitabu hicho bila kulipa senti. Shida ni kwamba maarifa mengi kuhusu Mafia hayana umri huo. Yameandikwa katika miaka sitini iliyopita, kwa fedha za serikali mbalimbali, na uwazi wake umetegemea masharti ya aliyetoa fedha. Wanaotetea uchapishaji huria husema kwamba utafiti uliolipiwa na umma ni mali ya umma. Ni hoja safi. Lakini ukiisoma ukiwa Kilindoni, makao ya wilaya, unauliza mara moja: umma upi? Aliyelipa kodi Manchester, au aliyekaa barazani kwake kijijini Kanga akijibu maswali ya mgeni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri?

Waingereza walikitwaa kisiwa Januari 1915 na kukifanya kituo cha ndege za kuisaka manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Baada ya vita walileta pia desturi ya maafisa wa wilaya kuandika. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza Dar es Salaam mwaka 1936, na mwaka 1941 likatoa makala ya D. W. I. Piggott kuhusu historia ya Mafia. Hapa hoja ya fedha za umma ingewaelemea wakubwa wenyewe, maana hazina iliyowalipa maafisa mishahara ilijazwa, pamoja na mengine, kwa kodi ya nyumba iliyotozwa wenyeji. Jarida lilikwenda kwa wanachama waliolipa ada na waliosoma Kiingereza.

Mwaka 1961 mambo yalikaribia kubadilika. Neville Chittick alikuwa amechimba magofu ya Kisimani Mafia, upande wa magharibi wa kisiwa, na ripoti yake ikapigwa chapa na Mpigachapa wa Serikali, Dar es Salaam, chini ya idara ya mambo ya kale. Kwa viwango vya leo hiyo ilikuwa kazi ya umma kwa kila namna: fedha ya serikali, mtambo wa serikali, mada ya nyumbani. Ilibaki lugha tu, na idadi ya nakala.

Kisha akaja Pat Caplan. Mwanaanthropolojia huyu wa Uingereza alifika Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, akakaa mpaka 1967, akajifunza Kiswahili cha hapo na kuandika juu ya ukoo, mashamba ya minazi na namna watu wanavyogawana ardhi. Kitabu chake cha mwaka 1975 kilitolewa na Oxford University Press. Ndani yake Kanga haimo. Kijiji kinaitwa Minazini, kwa desturi ya wanaanthropolojia ya kuwaficha wanaowaandika. Desturi hiyo ina sababu zake za heshima, lakini kijana wa Kanga aliyekwenda maktaba kutafuta jina la kijiji chao asingekipata kitabu kinachowahusu babu zake, hata kama maktaba ingekuwa nacho.

Namwelezea Caplan kwa kirefu kwa sababu hakuishia hapo. Alirudi Mafia mara nyingi, miongo kwa miongo, na mwaka 2014 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakachapisha kwa Kiswahili kitabu chake *Mikidadi wa Mafia*, kuhusu maisha ya mwanaharakati mmoja wa kisiwa hicho na familia yake. Toleo la Kiingereza lilifuata baadaye, mwaka 2016. Utaratibu huo, Kiswahili kwanza na Kiingereza nyuma, ni nadra mno katika taaluma. Pia alianzisha tovuti ya lugha mbili kuhusu kisiwa, chini ya Goldsmiths, chuo chake cha London. Hayo yalikuwa uamuzi wa mtu, wala sijui kanuni ya uchapishaji huria ambayo ingemlazimisha kuyafanya.

Tanzania nayo ilikuwa na mlango wake. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliunda Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyorithi kazi za baraza la UTAFITI, na tangu hapo mtafiti mgeni haendi popote bila kibali chake. Anayetaka kuhesabu kasa kisiwani Juani anaanza na kibali Dar es Salaam, anapata barua ya Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani huko Kibaha, barua hiyo inazaa nyingine kwa wilaya, Kilindoni, na ya wilaya ndiyo anayomkabidhi mtendaji wa kijiji. Akiwa anataka kufanya kazi ndani ya Hifadhi ya Bahari, kuna ofisi yao pia ya kupitia. Mtendaji anaisoma, anaiweka kwenye jalada, anamwita mwenyekiti. Karatasi zote hizo zinateremka. Masharti ya kibali yanamtaka mtafiti awasilishe ripoti na nakala za machapisho, lakini zinawasilishwa Dar es Salaam. Njia ya kuteremka ina mihuri minne, na ya kurudisha matokeo kijijini haina hata mmoja.

Upungufu huo ulionekana zaidi baada ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia kutangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilometa za mraba 822 za matumbawe, mikoko, nyasi za bahari na vijiji. Ripoti za kuitayarisha na kuiendesha zilikuwa nyingi: za wahisani, za vyuo, za mashirika ya mazingira. Wavuvi wa Chole na Jibondo walikatazwa maeneo na nyavu kwa hoja zilizomo katika karatasi ambazo hawakuwa nazo mkononi. Mmarekani Christine Walley aliiandika migogoro ya miaka hiyo katika kitabu kilichotolewa Princeton mwaka 2004. Kitabu kizuri, na kwa mvuvi wa Jibondo kiko mbali kama Princeton yenyewe.

Wakati huohuo, mbali na Mafia, wasomi walikuwa wamechoshwa na bei za majarida. Tamko la Budapest la Februari 2002 lilidai makala za kitaaluma zisomwe bure mtandaoni. Wafadhili wakafuata, kila mmoja kwa mwendo wake. Taasisi za afya za Marekani, NIH, zilianza mwaka 2008 kutaka makala ziwe wazi ndani ya miezi isiyozidi 12, na kuanzia Julai 2025 muda huo wa kungoja umefutwa. Baraza la Utafiti la Ulaya lilianza kuwabana wanufaika wake Desemba 2007. Mwaka 2018 kundi la wafadhili, wengi wao wa Ulaya, likatangaza mpango wake mkali, Plan S, na Uingereza ikaimarisha masharti yake kuanzia Aprili 2022.

Mafia iliguswa kwa sehemu tu, kulingana na mfadhili. Uchunguzi wa pango la Ukunju, kisiwani Juani, uliochapishwa mwaka 2014 ukieleza kilimo, uvuvi na biashara za kale, ulikuwa chini ya mradi wa Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa hiyo masharti ya Baraza yaliufuata mpaka pangoni. Tasnifu ya Annalisa Christie kuhusu mabaharia na wavuvi wa kale wa funguvisiwa hili ipo katika hazina ya wazi inayotumiwa na Chuo Kikuu cha York. Jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, linatoka tangu 2002 na husomwa bure, na nyuma ya WIOMSA kwa miaka mingi imekuwapo Sida, yaani kodi ya Waswidi. Makala za zamani zisizo na mfadhili wa namna hiyo bado zina ukuta wa malipo. Ukizibofya kwenye simu ukiwa Utende unaonyeshwa ufupisho wa aya moja na bei kwa dola. Mpango wa Research4Life huzifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida mengi, ila ni taasisi. Mwalimu wa sekondari Kilindoni, kama mtu binafsi, hamo.

Mfano ninaoupenda ni wa matende na mabusha. Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huo ulianzia Mafia mwaka 2000, na watu wakawa wanamezeshwa ivermectin na albendazole. Mwaka 2017 wanasayansi wa Tanzania, wakiongozwa na mtafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, walichapisha katika PLOS Neglected Tropical Diseases uchunguzi wa mbu wa Mafia, kuona kama maambukizi bado yanaendelea. Jarida hilo hutumia leseni inayomruhusu yeyote kunakili, kufasiri na hata kuuza, mradi amtaje mwandishi. Maana yake muuguzi wa hospitali ya wilaya anaweza leo kuifasiri makala hiyo yote, akaichapa kurasa kumi na kuibandika ukutani pa zahanati, bila kumwomba mtu. Nadhani watetezi wa uchapishaji huria wangeshinda hoja mapema zaidi vijijini kama wangeanza na haki hiyo ya kufasiri, badala ya hesabu za miezi ya kungoja.

Uhuru huo una bei, na bei imehamia kwa mwandishi. Majarida mengi hutoza ada ya uchapishaji. Mwishoni mwa mwaka 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Waandishi wa nchi maskini kabisa husamehewa, wa kipato cha kati cha chini mara nyingi hupewa nusu bei. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania daraja hilo la pili. Magazeti yalishangilia, na wahadhiri waliokuwa na makala mkononi wakaanza kupiga hesabu. Serikali kwa upande wake ilitangaza mwaka 2022 zawadi kwa wahadhiri wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Motisha si mbaya, ila inaisukuma makala kulekule nje, kwa Kiingereza.

Pendekezo la UNESCO kuhusu sayansi huria, la Novemba 2021, linataja wingi wa lugha, lakini halimfungi mtu. COSTECH inaweza kufunga. Masharti ya kibali yangeongezwa kipengele kimoja: muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, ukabidhiwe serikali ya kijiji na wilaya, usainiwe na mtendaji yuleyule aliyepokea barua mwanzoni, na kibali kipya kisitolewe mpaka sahihi hiyo ionekane. Wafadhili wa Ulaya wanaokubali kulipia ada ya jarida watashindwaje kukubali gharama ya mfasiri kwenye bajeti hiyohiyo? Mtafiti wa ndani asiye na mfadhili angehitaji kusaidiwa, na Mfuko wa Taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, tayari uko chini ya Tume.